Mpishi Aliyejua Sahani za Watoto

Mpishi wa sekondari ya kata yetu anaitwa Veronika. Sisi watu wazima tunamwita Mama Vitus, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wanafunzi wanamwita Mama Upawa, na wanadhani hajui. Anajua. Alizaliwa Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na maji ya Ziwa Nyasa, ambako gari halifiki. Ukifika Matema unapanda mtumbwi. Mama yake na bibi yake walifinyanga vyungu, naye alifinyanga mpaka alipoolewa na mtu wa huku kwetu kwenye mpunga, upande wa Ipyana. Mume alipofariki alibaki na watoto watatu na shamba dogo, akaomba kazi ya kupikia shule. Huu ni mwaka wake wa kumi na mbili jikoni.

Mimi namfahamu kwa sababu ya kuni. Mara mbili kwa wiki napeleka kuni jikoni kwake kwa guta langu la magurudumu matatu. Kwa miaka sita tulisalimiana, nikapanga kuni ukutani, nikaondoka. Mimi maneno hunitoka kwa shida, na yeye alikuwa akisema ya kwake na ya kwangu.

Kila mwanafunzi huleta sahani yake kutoka nyumbani na kuiacha asubuhi kwenye meza ya jikoni. Saa saba mchana wanapanga foleni. Watoto ni zaidi ya mia tatu, na Veronika anazijua sahani zao kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Sahani ikirudi na ugali nusu siku tatu mfululizo, anamwita mwenyewe. Sahani ikikosekana mezani, anauliza. Anasema mtoto wa umri ule hakwambii anaumwa, hakwambii anaogopa, lakini sahani yake itakwambia.

Siku moja nilikuwa napanga kuni, foleni ikafika kwa kijana wa kidato cha kwanza anayeitwa Jubilate. Badala ya kuomba, akaonyesha maharage kwa kidole.

"Jubilate, umekuwa bubu?"

Akatikisa kichwa.

"Basi sema: mama, naomba maharage."

Kijana akameza mate, akaanza kwa sauti nzito ya mzee wa ukoo, na katikati ya neno maharage sauti ikapanda ikawa ya kifaranga. Foleni nzima ikaangua kicheko. Veronika akagonga sufuria kwa upawa.

"Nani amecheka? Wewe mrefu huko nyuma, umecheka? Mwaka jana hukulia hapa hapa jikoni ukidhani chunusi ni ukoma?"

Kicheko kikamgeukia yule mrefu. Veronika akamjazia Jubilate sahani, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Koo linapanuka, mwanangu. Jogoo mdogo akianza kuwika anakwaruza, na hakuna anayemchinja kwa hilo. Ongea tu, litatulia. Na ukifika nyumbani oga kwa sabuni, kwapa pia, kila siku. Siyo sauti peke yake iliyobadilika."

Jubilate akasema, "Asante mama," kwa zile sauti zote mbili, akaenda kula. Nilicheka peke yangu njia nzima. Sikujua kwamba mwaka huo huo mimi ndiye ningehitaji upawa ule.

Mke wangu Beatrice ana kwao Karonga, ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa saba mwaka juzi mama yake alipata kiharusi, naye akaenda kumwuguza. Nyumbani nikabaki na binti yetu wa mwisho, Keziya, miaka kumi na minne, kidato cha pili. Mwezi wa kumi na moja alikuwa na mtihani wa taifa, ule ambao mtoto akifeli haendi kidato cha tatu. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kufika kidato cha tatu. Beatrice alipokuwa anapanda gari la kwenda mpakani Kasumulu aliniambia neno moja tu: "Huyu asome."

Mwezi wa nane jirani yetu Asajile, mzee wa kanisa, aliwaita majirani wamsaidie kupasua kakao. Keziya akaenda na wenzake. Alirudi kabla ya wengine, akaingia chumbani, akalala bila kula. Nikadhani amechoka.

Baada ya siku ile akaanza jambo ambalo halikunifurahisha. Akimwona Asajile anakuja njiani, Keziya anatoka njiani. Anaingia kwenye migomba, anageuza mgongo, anavuta kanga mpaka kichwani, anasubiri mzee apite. Asajile akija nyumbani kuazima jembe, Keziya anapitia mlango wa nyuma. Msomaji asiye wa huku ataona ni utovu wa adabu tu. Kwetu Wanyakyusa ni zaidi ya hapo. Mwanamke akishaolewa hamtazami baba mkwe wake. Humkwepa njiani, hujifunika mbele yake, na hata jina lake halitaji. Tunaita ukutila. Hakuna msichana anayemfanyia hivyo mzee wa watu bila sababu.

Mdogo wangu Sospeter ndiye aliyekuja kunitamkia.

"Kaka, umeona?"

"Nimeona nini?"

"Keziya anamtila Asajile."

"Ni mtoto. Anacheza."

"Anacheza huku kajifunika uso? Haya, mwambie ataje jina la yule mzee, tusikie."

Jioni ile nilimjaribu. Nikamwuliza ni nani aliyeazima jembe letu.

"Yule mzee," akasema Keziya.

"Mzee yupi?"

"Yule wa... pale kwenye michikichi."

Jina hakulitaja.

Asajile ana kijana anaitwa Patrick, anaendesha bodaboda mjini Kyela. Mara mbili wakati wa mvua alimpa Keziya lifti kutoka shule. Watu walikuwa wamekwisha kuunganisha. Watoto wadogo kisimani wakaanza kumwita "mke wa bodaboda". Tena Keziya alikuwa amebadilika: chakula anaacha, asubuhi kizunguzungu, na mwezi wa nane na wa tisa siku tatu nne haendi shule, anasema tumbo. Wanawake wakawa wanahesabu miezi kwa vidole. Juu ya hayo yote, panya walikuwa wanakula godoro lake. Kila nikiingia kufagia naona sponji imepungua pembeni. Nikatega mitego miwili, sikunasa kitu.

Mtu atauliza, kwa nini hukumwuliza mwanao? Baba wa kwetu hamwulizi binti yake mambo hayo. Anayeuliza ni mama au shangazi. Mama alikuwa Karonga, shangazi yuko Chunya, na simu ya nyumbani ilikuwa moja, yangu, Keziya akiongea na mama yake mimi nimesimama pale pale. Kwa hiyo nilifanya kosa la mtu asiyeuliza. Mwishoni mwa mwezi wa tisa nilimwambia, "Acha shule kwanza, pumzika mpaka mama yako arudi." Akasema, "Ndiyo, baba." Hakuuliza kwa nini, na mimi ule ukimya nikauona kama kukiri.

Sospeter akapanga mambo. Jumapili baada ya ibada twende wawili kwa Asajile, tumwambie amwite Patrick tuzungumze habari ya ndoa. Akikataa, tunakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Nilijua maana yake. Ndoa, Keziya hasomi tena. Mtendaji, Patrick anakwenda jela kwa kumharibu mwanafunzi, na jina la mwanangu linasomwa mbele ya watu. Kwa njia yoyote, mtihani wa mwezi wa kumi na moja haupo. Lakini sikuona njia ya tatu.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo nikapeleka kuni.

"Mugonile, Mama Vitus," nikasalimia, nikaanza kushusha.

Alikuja akasimama kati yangu na guta, upawa mkononi.

"Baba Keziya, sahani ya bati yenye maua mekundu iko wapi?"

"Ipi?"

"Usiniulize ipi. Ya mwanao. Leo siku ya tisa siioni mezani. Na kabla ya hapo ilikuwa inarudi na chakula."

"Anapumzika."

"Anapumzika nini, mtihani ukiwa mwezi ujao? Kajifungua?"

Nilishika kuni moja nikaiweka chini, nikaishika tena. Akaichukua mkononi mwangu.

"Hizi kuni zitapangwa. Sema."

Nikasema. Sijui nilisema vipi, lakini nilisema yote: kujifunika, jina lisilotajwa, Patrick, kizunguzungu, siku za tumbo, safari ya Jumapili. Nilimweleza huku nikitazama magurudumu ya guta. Nilipomaliza akaweka upawa mezani.

"Alianza lini kumkwepa huyo mzee?"

"Tangu siku ya kupasua kakao."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Alirudi na wenzake?"

"Alirudi peke yake, mapema."

"Amevaa nini?"

"Mama Vitus, mimi nitakumbukaje nguo?" Kisha nikakumbuka. "Alijifunga sweta kiunoni. Na jua lilikuwa kali."

Veronika akafumba macho kidogo. "Na panya?"

"Panya gani?"

"Hakuna kitu kimepotea nyumbani? Vitambaa? Pamba? Godoro?"

Nikamweleza habari ya mitego. Hapo akacheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikaisha ghafla, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Panya wako ana miguu miwili, Baba Keziya, na anasoma kidato cha pili. Jumapili usiende kokote. Kesho nakuja kwako."

Jumamosi alikuja na ungo, na mchele wa shule debe moja kichwani. Sikuelewa. Akamwambia Keziya, "Binti yangu, mchele huu umejaa mawe na macho yangu yamechoka. Nisaidie." Wakakaa mkekani nyuma ya nyumba, bega kwa bega, kila mmoja anatazama ungo. Baadaye aliniambia kwamba kwao Ikombe wanawake wanaongea mambo mazito wakati wa kufinyanga, kwa sababu mikono ina kazi na macho yana pa kutazama. "Ukimkalisha mtoto kwenye kiti ukamtumbulia macho," alisema, "atakwambia uongo ili aondoke."

Mimi alinituma kupasua magogo mbali. Nilipasua magogo yote niliyokuwa nayo. Nilisikia sauti ya Veronika ikienda kama maji, halafu kimya, halafu kilio, na hapo shoka lilinishinda kuinua. Kisha, baada ya muda mrefu, nikasikia Keziya anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mama yake aondoke.

Veronika akaniita. Keziya alikuwa ameingia ndani.

"Kaa chini."

"Nitasimama tu."

"Kaa. Mama yake yuko Karonga, shangazi yake yuko Chunya. Basi leo shangazi ni mimi na mama ni wewe."

Nikakaa. Akaniambia kwa maneno ya wazi. Siku ya kakao Keziya alikuwa amekalia kiroba cheupe pamoja na wasichana wengine. Damu ya mwezi ikamjia kwa mara ya kwanza, pale pale, bila yeye kujua. Aliposimama, Asajile alikuja kuchukua kiroba kile atie kakao, akaona. Alikikunja, akaondoka nacho. Keziya akamwona anakiona. Tangu hapo kila akimwona mzee yule alitamani ardhi impokee, ndiyo maana alijifunika, ndiyo maana hata jina lake halikupita kooni. Ilikuwa aibu ya mtoto. Sisi watu wazima tukaisoma kama ndoa, kwa sababu hiyo ndiyo alama tuliyokuwa tunaijua.

"Na mimba?" nikauliza. Neno lilitoka dogo sana.

"Mimba gani? Mtoto hajaguswa na mtu. Alikuwa anakata sponji ya godoro anaivaa, kwa sababu hakuwa na kitu kingine na hakuwa na wa kumwomba. Sponji imemchubua, inamwasha. Alikuwa hali asubuhi ili asihitaji kwenda chooni shuleni. Damu inatoka, chakula hakiingii, kizunguzungu kitaacha kuja?"

Nilijiinamia. Mitego yangu miwili ya panya ilikuwa bado iko chini ya kitanda chake.

"Usilie, kuna kazi," akasema Veronika, ingawa sauti yake mwenyewe haikuwa sawa. "Mimi niliacha shule darasa la sita, Baba Keziya. Watu wanadhani ni ufinyanzi uliniita. Ni gauni moja lililochafuka mbele ya darasa. Nilikaa nyumbani siku nne, mwezi uliofuata siku nne, mwezi wa tatu sikurudi tena. Hakuna aliyeniuliza. Sahani yangu haikuwa na mtu wa kuihesabu."

Akanipa kazi. Taulo za kike pakiti mbili, sabuni ya kipande, chupi tatu mpya, ndoo yenye mfuniko. Dagaa, maharage, mboga za majani kila siku, na chungwa baada ya chakula. Maji ya moto ya kukanda tumbo. Ahame kwenye godoro lile. Jumatatu aende zahanati. Na akinuna bila sababu, au akilia kwa jambo dogo, nisimgombeze wala nisimkimbie, nikae tu karibu.

Nilikwenda Kyela mjini jioni ile kwa baiskeli, mahali ambapo hawanijui. Dukani alikuwepo dada mmoja kijana. Nikanunua chumvi. Nikatoka, nikarudi, nikanunua kiberiti. Niliporudi mara ya tatu nikaomba chumvi tena.

"Baba," akasema yule dada, "hiyo chumvi mnailisha ng'ombe? Sema unachotaka, hapa tupo wawili tu."

Nikanyoosha kidole kwenye rafu. Akaitazama, akanitazama.

"Za mkeo?"

"Za binti yangu."

Hakucheka. Alizifunga kwenye gazeti vizuri, akaniambia, "Ana bahati. Baba yangu angenituma niende mwenyewe usiku." Mpaka leo sikumbuki kama nilimshukuru. Namshukuru hapa.

Jumapili nilikwenda kwa Asajile kama tulivyopanga, ila sasa kumweleza ukweli, na Sospeter alikuja kwa sababu alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Njiani nilikuwa nimemweleza. Kabla sijafungua kinywa, Asajile akaniita kwa jina, akaanza.

"Anangisye, nilikuwa nakuja kwako. Nimekosa nini kwa mtoto? Ananitila kama mkwe! Nilimpigia Patrick simu nikamtukana matusi ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Kijana analia huko mjini, anaapa kwamba hajui kitu."

"Ile siku ya kakao," nikasema. "Kiroba."

Mzee akatazama miguu yake.

"Nilikichoma," akasema taratibu. "Mke wangu alikuwa sokoni, sikuwa na mwanamke wa kumkabidhi mtoto. Nikasema, nikikichoma hakuna atakayeona. Kumbe nilipaswa kumwita mama yeyote amfunike."

Tulikaa wanaume watatu pale barazani, umri wetu ukijumlishwa unapita miaka mia na sitini, na hatukuwa na neno moja la kumsaidia msichana wa miaka kumi na minne. Sospeter ndiye alisema, "Basi mimi nitawafunga midomo wale wa kisimani." Na aliwafunga, maana yeye ndiye aliyekuwa amewafungua wengine wao.

Jumatatu Keziya alikwenda kwanza zahanati. Nesi Georgina, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, alimpima, akampa dawa ya michubuko na vidonge vya kuongeza damu. Aliniita na mimi ndani, akasema damu ya mtoto iko chini lakini itapanda kwa chakula na dawa. Akasema jambo jingine ambalo nimelishika: kwamba mwili wa kijana unajengwa katika miaka hii michache kama nyumba inayopandishwa ukuta, na fundi hawezi kujenga bila matofali wala bila kulala. Nikaacha kumwamsha Keziya saa kumi kuchota maji. Maji nikachota mimi. Majirani walishangaa siku mbili, siku ya tatu wakazoea.

Shuleni Veronika alimpokea kana kwamba hakuwahi kuondoka. "Sahani hapa, wewe kaa pale, kula mpaka nione chini." Mmoja wa wavulana akatoa ile kauli ya mke wa bodaboda. Veronika hakumgombeza. Alimpa upawa, akamwambia agawe chakula kwa foleni nzima, na kila aliyepita akaambiwa, "Mshukuru huyu, leo amechoka kusema watu, anafanya kazi." Kauli ile haikusikika tena jikoni.

Asajile ilichukua muda zaidi. Wiki mbili Keziya aliendelea kuingia kwenye migomba. Kisha siku moja nikiwa nyuma yake nilimwona anasimama pembeni ya njia bila kujifunika, macho chini. Mzee akapita akasema, "Ugonile, mjukuu," kwa sauti ya kawaida kabisa, hakupunguza mwendo. Keziya akaitika. Asajile alipofika kwangu aliniminya mkono, akaendelea na safari yake.

Veronika alimfundisha Keziya kuweka alama ndogo ya kalamu kwenye kalenda ya kanisa iliyo ukutani sebuleni. Niliziona zile alama, nikajifanya sizioni, mpaka mwishoni mwa mwezi wa kumi Keziya mwenyewe alipokuja akasimama mbele ya kalenda.

"Baba, nimehesabu. Itaangukia wiki ya mtihani."

Lilikuwa jambo lile lile lililomtoa Veronika shuleni, na lililokaribia kumtoa yeye.

"Utafanyaje?" nikauliza.

"Mama Upawa amesema nifungashe mapema. Na nile."

Alifungasha. Siku ya pili ya mtihani, asubuhi, alitoka chumbani amekunja uso, mkono tumboni. Nilikuwa nimeshachemsha maji. Nikamjazia chupa, nikaifunga kwa kitambaa, akaiweka tumboni wakati anakunywa uji. Akaumaliza uji wote. Nilitaka kumwambia maneno mazuri, hayakuja. Nikamwambia, "Sweta lako hili hapa." Akalikataa. Alisema hahitaji, akachukua mkoba akaenda.

Siku ile nilipeleka kuni ingawa haikuwa zamu yangu. Veronika aliponiona akajua. Hakunichokoza. Alipanga kuni pamoja nami, kwa mara ya kwanza, mpaka kengele ilipolia na watoto wakaanza kutoka chumba cha mtihani. Keziya alitoka katikati ya wenzake, anabishana nao kuhusu swali la nane. Akatuona, akaja moja kwa moja jikoni.

"Mama, kuna chakula?"

"Chakula kipo. Mtihani je?"

"Mgumu. Katikati tumbo liliniuma, nikaomba ruhusa, nikatoka, nikarudi, nikamaliza."

"Yote?"

"Yote."

Veronika akanipa mgongo nisione uso wake, akachota maharage mengi kupita kiasi. Nilimwambia, "Ndaga fijo, Mama Vitus," asante sana kwa lugha yetu, na ni maneno hayo tu niliyoweza. Akajibu bila kugeuka kwamba nimwache mtoto ale.

Beatrice alirudi kabla ya Krismasi, mama yake akiwa ameanza kutembea kwa fimbo. Walikaa jikoni yeye na Keziya mchana kutwa, mlango umefungwa. Alipotoka alinitazama kwa muda, akaniuliza kama ni kweli nilinunua chumvi mara mbili. Mwezi wa kwanza majina yalibandikwa, na la Keziya lilikuwemo: kidato cha tatu.

Veronika bado anapika. Mwaka huu ametuomba wazazi tulime bustani ya mchicha nyuma ya jiko, na tumelima, hata Sospeter. Keziya asubuhi haendi shule peke yake siku hizi. Wasichana wawili wa kidato cha kwanza humpitia nyumbani, na wote watatu hutembea mbele yangu ninapopeleka kuni. Kuna siku nasikia anawaeleza habari ya kalenda, wanauliza, anawajibu bila kuficha, na mmoja anasema, "Kumbe!" Siku kama hizo sipigi kengele ya guta. Nashuka, nalisukuma polepole nyuma yao, mpaka wamalize mazungumzo yao.